Chai ya Machungwa ya Dada

Kiwandani waliitwa Pua na Ulimi, na hakuna aliyejisumbua kutumia majina waliyopewa na wazazi wao. Pua alikuwa dada mkubwa, Ulimi mdogo wake. Kazi yao ilikuwa kuonja chai ya majani iliyochanganywa na viungo na matunda: mdalasini na tufaha, tangawizi na ndimu, iliki na embe kavu, na ile iliyokilisha kiwanda kizima, chai ya maganda ya machungwa na karafuu. Hiyo ya mwisho aliibuni Pua mwenyewe. Ikiadimika madukani, wateja walinuna kama waliodhulumiwa.

Chumba cha kuonjea kilikuwa ghorofani, juu ya ghala. Kilikuwa na vigae vyeupe na dirisha kubwa lililoligeuzia jua mgongo, maana jua hudanganya rangi ya chai. Katikati palikuwa na meza ndefu, Ulimi upande huu, Pua upande ule. Kila asubuhi walipanga vikombe vyeupe, wakapima majani, wakamimina maji yanayochemka, wakasubiri, kisha wakapita na vijiko. Mwonja chai hanywi kwa adabu. Huivuta kwa nguvu pamoja na hewa, ipige paa la kinywa na kupanda puani, halafu huitema kwenye ndoo. Na kila mtu ana mfyonzo wake, kama vile kila mtu ana chafya yake. Wa Ulimi ulikuwa mfupi, kama kitambaa kinachochanwa. Wa Pua ulikuwa mrefu na uliishia na mluzi mwembamba, na wanawake wa kufungasha kule chini wakiusikia walicheka: "Leo Pua kaamka na raha zake, sikieni filimbi hiyo!"

Mama yao alifariki Ulimi akiwa bado anaota meno ya pili. Pua ndiye aliyemlea, akamsuka nywele, akamchapa alipostahili na mara nyingine asipostahili. Alipopata kazi kiwandani alikuwa akirudi jioni na vipande vya viungo mfukoni, anamfunga mdogo wake kitambaa machoni na kumsogezea kimoja kimoja puani.

"Hii nini?"

"Mdalasini."

"Wa gome changa au gome kuukuu?"

"Dada, mimi nina njaa."

"Jibu kwanza. Chakula hakikimbii."

Hivyo ndivyo Ulimi alivyopata ufundi wake, gizani na kwa tumbo tupu, na alipokua, dada yake akamwombea kazi, wakakaa meza moja miaka mingi bila kuchokana.

Pua alianguka asubuhi moja kwenye ngazi za ghala, akiwa amebeba trei ya sampuli. Watu walidhani ameteleza. Hospitali wakamkuta na uvimbe ndani ya kichwa, nyuma ya paji la uso, mkubwa kama limau. Hakutoka tena wodini. Waliokuja msibani walisema yale ambayo watu husema: kifo hakipigi hodi, jana tulikuwa naye, leo hayupo, ghafla tu. Ulimi alilishika neno hilo, ghafla, akawa analirudia kwa kila aliyempa mkono. Lilimpa nafuu. Jambo la ghafla halina mtu wa kuulizwa alikuwa wapi.

Aliporudi kazini aliikuta aproni ya Pua msumarini, hakuna aliyethubutu kuigusa. Akapanga vikombe. Akavuta funda la kwanza, tangawizi na ndimu, akatema. Kabla hajahamia kikombe cha pili, ng'ambo ya meza ukasikika mfyonzo mrefu, wenye mluzi mwembamba mwishoni.

Akanyanyua macho. Hapakuwa na mtu. Kikombe cha upande ule kilikuwa kimejaa, chai imetulia tuli.

Alijiambia ni mabomba. Akamwita fundi, naye akagonga huku na huku, akapanda, akashuka, akasema mabomba yana afya kuliko yeye. Kesho yake ukasikika tena. Haukuja kila mara. Ulikuja pale alipokuwa amezama kazini, mawazo yake yote yako kwenye kijiko. Hakumwambia mtu. Kiwandani maneno hayana breki, na wangesema msiba umempanda kichwani. Lakini alianza kupanga vikombe pande zote mbili kama zamani, na baada ya kila funda akawa anangoja kidogo, kama mtu anayempisha mkubwa wake mlangoni.

Siku moja meneja alipanda akasimama mlangoni, akivua na kuvaa miwani.

"Dada, najua bado una majonzi," alisema. "Lakini hii ya machungwa. Maduka yanairudisha. Wanasema imepoa."

"Imepoaje? Nimefuata vipimo vilevile vilivyo ukutani."

"Wanasema haiumi tena. Ya marehemu ilikuwa inauma."

Vipimo vilikuwa kwenye ubao wa ukutani kwa herufi kubwa, na Ulimi hakupunguza hata chembe. Kabla ya msiba chai ile hakuwahi kuichanganya yeye. Pua alikuwa akisema, "Huyu mwanangu, nitamwogesha mwenyewe." Basi Ulimi akashuka stoo. Kila chai inapochanganywa, kopo moja huzibwa, likapigwa mhuri wa mwezi na kuwekwa rafuni, ili mteja akilalamika pawe na cha kulinganisha. Mama wa stoo alimtolea makopo yote ya machungwa, ya tangu chai ilipobuniwa hadi ya juzijuzi, wakayapandisha juu kwa mikono yao.

Aliyapanga mezani kwa umri, makongwe kushoto, mapya kulia. Alijua la kutarajia. Chai ya kopo huzeeka kama mtu: harufu ya tunda ndiyo inayoondoka kwanza. Kwa hiyo makongwe yangekuwa yamefifia, na kadiri anavyokwenda kulia machungwa yangezidi kunukia.

Ilikuwa kinyume chake. Kopo kongwe kuliko yote, pamoja na uzee wake, lilimfungukia kama ganda la chungwa linapobanwa karibu na uso. Kisha yakaja majani, mazito na matamu, na karafuu ikakaa nyuma kabisa, kama mgeni aliyeketi karibu na mlango. Kopo lililofuata, mgeni amesogea kidogo. Lililofuata, kidogo tena. Kufika katikati ya meza karafuu na machungwa walikuwa wanagombea kiti kimoja. Baada ya hapo machungwa yakaanza kusikika vibaya: hapa maganda yaliyoungua wakati wa kukaushwa, pale maganda yenye harufu ya gunia lililolowa. Kopo la mwisho lilikuwa karafuu tupu. Lilimtia ganzi ulimi wote, na chini ya ganzi ile kulikuwa na ukungu, mdogo lakini wa wazi, ambao Pua wa zamani angeunusa akiwa bado ngazini.

Ulimi aliweka kijiko chini. Karafuu huuma, na kuumwa hakuhitaji pua. Mtu asiyesikia harufu yoyote atazidi kuiongeza mpaka ulimi wake umwambie, basi, nimekuona. Mezani pale, toka kushoto kwenda kulia, alikuwa ameonja kitu kilichochukua miaka kukua kichwani mwa dada yake. Hakikuwa cha ghafla hata kidogo.

Akakumbuka kwamba siku moja, harufu ya mchanganyiko ule ilipomfikia ng'ambo ya meza, alimwambia, "Dada, karafuu si imezidi leo?" na Pua akamjibu, "Ulimi wako umezeeka kabla ya wangu," wakacheka wote wawili. Ng'ambo ya meza mfyonzo ukasikika, mrefu, na safari hii Ulimi hakunyanyua macho.

Shemeji yake, mume wa Pua, alikuwa fundi wa saa, mwenye kibanda kidogo kilichojaa mishale na vioo. Ulimi alimkuta ameinamia saa ya mkononi.

"Karibu, shemeji. Kaa hapo, angalia msumari."

"Shemeji, dada alikuwa anasikia harufu?"

Yule fundi aliweka koleo lake chini taratibu. "Nani amekwambia?"

"Chai."

Akaisogeza pembeni saa aliyokuwa akiitengeneza. Kisha akasema, "Kuna siku maziwa yaliungua jikoni, yeye amesimama palepale juu ya sufuria. Mimi nimetoka chumbani nakohoa. Ananiuliza, una nini? Ndipo nikajua. Nikamwambia twende hospitali. Akanijibu, Pua asiye na pua ni nani? Nitaenda pale niambiwe nini ambacho sikijui?"

"Mngeniambia mimi."

"Nilimwambia hivyo. Alikasirika, shemeji, sijawahi kumwona vile. Akasema, yule ndiye wa mwisho kujua. Nimemlea mimi. Akijua, ataanza kuonja kwa niaba yangu na kuniangalia kwa huruma."

"Sasa kazi alikuwa anaifanyaje, miaka yote hiyo?"

Shemeji alimtazama, akatazama pembeni. "Alikuwa anakuangalia wewe. Alisema uso wako haujui kuficha. Chai ikiwa mbaya unakunja pua, ikiwa nzuri nyusi zinapanda. Akishaona, naye anatoa hukumu kabla hujafungua mdomo. Ile ya machungwa peke yake ndiyo hakuwa na wa kumwangalia, kwa sababu alikukataza kuigusa."

Ulimi aliuliza jambo moja tu zaidi. "Na ule mluzi wake?"

"Mluzi ulikuja baadaye. Zamani hakuwa nao. Alikuwa anavuta kwa nguvu zake zote, anatafuta."

Ulimi aliaga na kwenda zake. Njiani alipita mbele ya duka la viungo na mkate uliokuwa unatoka tanurini, akasikia kila harufu peke yake, safi, bila kuitaka.

Alimpelekea meneja vikombe vitatu: cha kopo kongwe, cha katikati na cha mwisho. Hakusema ni kwa nini vinatofautiana. Meneja alionja, akarudia, akaonyesha cha mwisho.

"Hiki. Hiki ndicho wanachokililia."

"Bosi, hiki kina kasoro. Hakina machungwa."

"Basi kasoro hiyo ndiyo wanayoinunua. Naomba uniletee hiyo, dada."

Alijaribu akashindwa. Kila alipofikia karafuu, pua yake ilipiga kelele na mkono ukasimama wenyewe. Siku ya tatu ya kuhangaika alichukua pamba kwenye sanduku la huduma ya kwanza, akaziba matundu yote mawili, akaenda kukaa upande wa Pua, kwa sababu mitungi ya maganda ilikuwa huko.

Akaonja. Mdomoni mlikuwa na maji ya moto yenye uchungu. Akaongeza karafuu, akavuta tena. Maji ya moto yenye uchungu. Akavuta kwa nguvu zaidi, kwa kifua kizima. Hakuna kitu. Chumba kilikuwa palepale, vigae, dirisha, mvuke, lakini kimekuwa kama nyumba iliyohamwa. Akajikuta ananyanyua macho kutafuta uso wa mtu ng'ambo ya meza, uso wowote wa kumwambia hii ni nzuri au mbaya. Kiti cha ng'ambo kilikuwa kitupu. Kilikuwa chake.

Akaongeza karafuu mpaka ulimi ukachoma. Hapo akajua amefika. Akang'oa pamba, akaegemea meza, akalia kwa sauti, na wanawake wa kufungasha kule chini walinyamaza wote.

Maduka yaliridhika. Maganda ya ukungu hakuyatia; hilo tu alilibadilisha, na hakuna aliyelalamika. Kila mwezi hujiziba pua mara moja, akaichanganya, na siku hiyo hali chakula cha mchana. Meneja alipotaka kumshukuru, Ulimi alimwomba mambo mawili: mtu wa kukaa naye mezani, na kila anayeonja apelekwe kwa daktari wa pua kila mwaka, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Meneja aliona la pili ni la ajabu, lakini alikubali.

Aliyepandishwa kutoka kufungasha alikuwa mama mmoja mtu mzima, waliyemwita Kasuku kwa maneno yake mengi. Aliitundua aproni msumarini bila kuuliza ni ya nani, akaifua, akaivaa. Ule mfyonzo mrefu ukawa wa nadra. Haukukoma. Mara nyingine Kasuku hukatiza hadithi yake katikati na kusema, "Umesema?" na Ulimi humjibu, "Hapana, endelea."

Asubuhi moja ya baridi Kasuku alivuta chai ya tufaha na mdalasini, akatema, akafuta pua kwa mkono. "Leo sisikii kitu," alisema. "Mafua haya. Watoto wameniambukiza."

Ulimi aliweka kijiko chini, akazima jiko, akachukua mkoba wake.

"Twende."

"Wapi? Dada, ni mafua!"

"Vaa viatu."

Walikaa kwenye benchi la hospitali hadi mchana, Kasuku akipiga chafya na kulalamika, Ulimi akiwa amemshika mkono kama mtoto anayeweza kukimbia. Daktari alimulika puani, akauliza maswali, akawatazama wote wawili, akacheka. Mafua. Anywe maji mengi, alale.

Walipotoka mlangoni Kasuku alijinasua mkono. "Si nilikwambia?"

"Uliniambia," Ulimi alisema. Akasimama pale kizingitini, watu wakimpita huku na huku. "Uliniambia, mama. Ahsante."