Mogue Rossiter Apanga Safari ya Ufaransa

Mogue Rossiter alifanya kazi bandarini Rosslare, huku kisiwani kwetu, miaka thelathini na minane, na kazi yenyewe ilikuwa kupunga mkono. Alisimama mlangoni mwa meli na kizibao chake cha njano akawaelekeza wenye magari: wewe huku, wewe kule, sogea, sogea tena, basi. Watu wakaenda Ufaransa na baiskeli zao juu ya paa, wakarudi pua zimebabuka kwa jua, naye yuko palepale, mvua inamwingia shingoni. Siku aliyostaafu wenzake walimpa kitabu kikubwa cha ramani za barabara za Ulaya. Alikiweka juu ya friji, kikakaa huko miaka minne.

Kilichokishusha ni barua ya Sista Benigna. Huyo ni dada mkubwa wa mkewe, Statia. Aliingia utawani angali msichana, akapelekwa Brittany, ule upande wa Ufaransa uliochomoza baharini, na huko ndiko alikozeekea. Sasa ana miaka themanini na sita, miguu imegoma, na mwezi wa tisa anatimiza miaka sitini na mitano ya nadhiri. Aliandika kwamba angependa kumwona Statia mara moja, wakati bado anaweza kumtambua.

Statia aliisoma barua jikoni, akaikunja, akaendelea kumenya viazi huku machozi yakidondokea kwenye beseni. Ndege hapandi. Aliipanda mara moja tu, kwenda kuhiji Lourdes na watu wa parokia, akashuka akaapa kwamba basi tena.

"Tutakwenda na gari, Mama," Mogue akasema, akafuta vumbi kwenye ramani kwa kiwiko.

Huku kwetu mume anaweza kumwita mkewe Mama hata watoto wakishahama nyumba, na Mogue hakuwa na jina jingine la kumbembelezea.

Hapo ndipo nyumba ilipogeuka ofisi. Mogue alinunua daftari, akachora mstari wa kalamu nyekundu kutoka Cherbourg, meli inakoteremsha magari, mpaka kwenye mlango wa konventi ya Sista Benigna: kilomita mia tatu na hamsini, na kila mahali pa kukojoa pamewekewa alama. Humo akaorodhesha vya kununua: stika za kubandika kwenye taa ili zisiwapofushe Wafaransa, pembetatu ya kuweka barabarani gari likiharibika, vizibao viwili. Statia akaongeza vyake: soseji za damu kwa ajili ya Sista, ambaye hajaonja soseji ya kwao tangu ujana, na majani ya chai mifuko mia moja na sitini. Mogue aliuliza kama wanakwenda siku nane au wanahamia. Statia akamjibu kwamba chai ya Ufaransa ni maji ya kusuuzia vikombe, kila mtu anajua, na kama anataka kubishana abishane na mvuke wa birika.

Ilikuwa raha kuwaona, jamani. Lakini kulikuwa na jambo moja lisiloandikika daftarini.

Nyinyi mnaoendesha kushoto kama sisi mtalielewa upesi. Usukani wetu uko kulia. Ukivuka bahari ukaanza kuendesha upande wa kulia, wewe dereva unajikuta umekaa karibu na mtaro. Mbele yako kuna trekta linajikokota, nawe unaona makalio ya trekta tu. Anayeiona barabara ni aliyekaa kushoto, abiria wako. Yeye ndiye wa kukuambia bado, bado, haya pita. Ukimwamini unapita, usipomwamini utafika konventi baada ya mazishi.

Na abiria wa Mogue, tangu miaka thelathini na moja iliyopita, akiingia kwenye gari hufumba macho. Hushika rozari, hufumba, na hafumbui mpaka injini izimwe.

Zamani hakuwa hivyo. Statia alikuwa akiendesha mwenyewe, na kwa kasi, mpaka padri akamsema. Kilichomvunja ni njia panda moja ya kijijini kwao, siku ya Jumapili, mwezi wa mavuno ya viazisukari, vile vya kutengenezea sukari. Mogue alikuwa kwenye usukani. Pale ua wa miti ni mrefu na dereva haoni kushoto, kwa hiyo aliyekaa kushoto huchungulia kisha husema. Statia alichungulia akasema, "Upande wangu hakuna kitu." Kilichofuata hakikumbuki. Alizinduka ana jeraha kichwani, na mumewe ana mguu uliopondwa na lori la viazisukari lililotokea kushoto. Kushoto, upande wake yeye.

Mguu ulipona ukawa mfupi kidogo. Statia alikuja hospitali na bandeji kichwani, akapiga magoti kando ya kitanda akaomba msamaha. Mogue alimpapasa nywele akasema, "Usijali, Mama, yameisha." Tangu siku hiyo hakumlaumu hata mara moja, na parokia nzima ilimsifu kwa hilo. Akina mama waliwaambia waume zao, mwangalieni Mogue Rossiter.

Na hapa ndipo mimi hunipanda hasira, ingawa mtu huyu nampenda. Maana Statia hakukosea. Aliposema hakuna kitu, kweli hakikuwepo kitu. Ila kabla Mogue hajaondoa gari, alipita mzee Mylie Devereux na baiskeli, na huku kwetu mtu hapiti bila kuinuliwa kidole cha salamu kutoka kwenye usukani. Mogue akainua kidole. Mylie akasimama. Wakaanza kuzungumza habari za mechi ya mpira wa magongo. Walipomaliza, Mogue akaondoa gari kwa neno la mkewe lililokwishapoa, bila kumuuliza upya. Pale kitandani alikusudia kumwambia kesho yake. Kesho ikamkuta na homa, keshokutwa ikamkuta na wageni, kisha sifa zikaanza, akashindwa. Mylie naye alikufa na siri hiyo. Statia akauza kigari chake, akabaki na leseni tu, anaihuisha kila ikiisha kwa sababu inamfaa posta kama kitambulisho.

Mtoto wao Fintan alipiga simu kutoka Dublin akisema atawafungia kamera ya kuonyesha barabara. Mogue alikataa. Fintan akasema basi atachukua likizo awaendeshe yeye. Mogue akakataa tena, mpaka Statia akauliza ukaidi huu ameutoa wapi uzeeni. Ukweli ni kwamba alikuwa amekata shauri kwamba macho ya Statia ndiyo yatakayowapeleka, na alitumaini, mwoga huyo, kwamba Statia akishafumbua na kuona anaweza, deni la ule ukweli litajifuta lenyewe.

Kwa hiyo aliomba shamba la jirani, Jim Codd, lililokwisha kukatwa majani. Akapanga matairi mabovu kuwa barabara, akatengeneza kipilefti ya mapipa ya kuzungukwa Kifaransa, yaani kinyume na yetu. Codd aliegesha trekta lake katikati ya ile barabara ya matairi, akaenda zake kucheka mahali asipoonekana.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana waliingia. Kipilefti waliizunguka vizuri, Mogue akajiona dereva wa kimataifa. Walipofika nyuma ya trekta akasimama.

"Niambie, Mama. Nipite?"

Statia alikuwa amefumba. Wakarudi nyuma, wakaja tena, amefumba. Mara ya tatu alijitahidi, nikisema alijitahidi mniamini, alifumbua jicho moja, midomo ikamcheza, kisha akaifunika sura yote kwa mikono.

"Siwezi, Mogue. Macho haya yalikwisha kukuvunja mguu. Nitamwandikia Benigna leo kwamba siendi. Aniombee tu huko aliko."

Alisema bila kulia, na hilo ndilo lililomtisha Mogue. Alimtazama mkewe, mwanamke wa miaka sitini na tisa anayejiandaa kumuaga dada yake kwa barua kwa sababu ya kosa ambalo si lake. Akazima injini.

"Statia. Siku ile hukukosea."

"Usinifariji. Umenifariji vya kutosha."

"Sikufariji. Barabara ilikuwa tupu uliposema. Mimi sikuondoka. Mylie Devereux alipita na baiskeli, nikamsalimia, tukasimama tukaongea. Halafu ndipo nikaingia barabarani, wala sikukuuliza tena. Ni mimi."

Statia aliteremsha mikono polepole.

"Mliongea muda gani?"

"Dakika mbili. Labda tatu."

"Mkiongea nini?"

"Mechi ya kijiji."

Statia alilitazama lile trekta.

"Tulishinda?"

"Tulifungwa."

"Tulifungwa," Statia akarudia. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana, "Shuka."

Mogue alishuka na mguu wake mfupi. Statia akashuka upande wa pili, akazunguka mbele ya gari bila kumtazama, akakaa kwenye usukani, akakisogeza kiti mbele kwa nguvu mpaka kikalia. Gari lilizimika mara mbili. Mara ya tatu lilichupa, likaondoka, likamwacha Mogue amesimama kwenye majani yaliyokatwa na kofia mkononi.

Alilipita trekta. Akaizunguka kipilefti Kifaransa mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa kasi iliyomfukuza kunguru. Mogue aliona uso wake kupitia kioo kila alipopita, umelowa machozi, macho yamefumbuka yote. Hakujua kama atasimama au atatoka getini aende moja kwa moja mpaka Dublin. Angefanya hivyo asingemlaumu. Aliwaza miaka yote ambayo mwanamke huyu alisubiri kupelekwa dukani, kupelekwa kanisani, kupelekwa kwenye kaburi la mama yake, akiomba lifti kwa watu, akisema asante, asante, na yeye akipewa sifa.

Gari lilisimama kando yake, na kioo kikateremka.

"Jina langu litaandikwa kwenye bima," Statia akasema. "Naendesha mimi, kutoka melini mpaka kwa dada yangu, na kurudi. Wewe utakaa kushoto uwe macho yangu. Ukikosea nitakuambia dakika ileile, Mogue Rossiter, sitangoja miaka thelathini na moja."

"Sawa, Mama."

"Na Mama usiniite leo."

"Sawa, Statia."

Mogue aliingia upande wa kushoto, akafunga mkanda. Statia alilizungusha gari akalileta tena nyuma ya trekta, akasimama. Ng'ombe mmoja wa Codd alikuwa amepenya uzio, anavuka barabara ya matairi kwa raha zake, upande wa kushoto.

"Kuko vipi huko kwako?" Statia akauliza.

Mogue aliegemea mbele, akachungulia vizuri, akachungulia tena.

"Bado," akasema. "Kuna ng'ombe."

Statia naye alikuwa ameshamwona, pembe na mkia, alipokuwa akilizungusha gari. Lakini aliendelea kukanyaga breki, akangoja, mpaka mumewe alipomwambia nenda.