Barua za Msumarini

Barua yako ya kwanza ya kuomba kazi, uliiandika mwenyewe? Usinidanganye. Machakos ya miaka ya tisini, zetu zote zilipita kwa mama mmoja mpiga taipu karibu na soko. Ulimpa ya mkono, akakurudishia iliyopigwa, Kiingereza amekinyoosha kimyakimya. Ile ya mkono aliichomeka kwenye msumari ukutani. Harufu ya wino wake ningali naikumbuka.

Siku moja nikingoja zamu, mkuu wa ofisi fulani akaingia na barua ya mkono ya msichana aliyeomba ukarani.

"Wewe mama, nipigie ya kumkataa huyu. Hajui kuweka 'a' wala 'the'. Karani gani huyo?"

Vidole vikasimama. Mama akafunua makaratasi ya msumarini mpaka ya chini kabisa, yaliyogeuka manjano, akachomoa moja, akamwekea mezani.

Bwana akausoma mwandiko wake mwenyewe, wa barua yake ya kwanza ya kuomba kazi. Akausoma tena. Sikucheka, yangu pia ilikuwa pale ukutani.

"Mwaitu," akasema, kama mtu anayemwita mamake, "mwandikie aje Jumatatu. Mimi sikuweka 'a' wala 'the' hata moja. Zote uliniwekea wewe."