Mama Yangu Alipokuwa wa Mtaa Mzima

Kila ninaposikia harufu ya matofali yanayochomwa, moyo wangu hurudi Ng'ambo, Tabora, msimu ule wa Ujamaa tulipojenga zahanati kwa mikono yetu. Watu wazima walifyatua matofali, sisi watoto tulibeba maji, na jioni balozi wa nyumba kumi aliita mkutano. Rafiki yangu Zuhura alikaa mbele akiringa, kwa kuwa mama yake, Bi Tatu, alikuwa kwenye kamati ya ujenzi. Mama yangu hakuwa akihudhuria. Baba, fundi cherehani, hakupenda mkewe aseme mbele za watu. Nilimwonea Zuhura wivu.

Kuta zilipoanza kupanda, ubishi ukazuka: chumba cha mwisho kiwe ofisi ya kamati, au cha akina mama kujifungulia? Wanaume wengi walitaka ofisi. Bi Tatu akaja kwetu, akamwambia baba, "Shemeji, niazime mkeo jioni moja tu." Baba akakohoa. Aliyejibu ni mama, akimwita kwa jina langu: "Baba Rehema, mtoto wetu wa kwanza alizaliwa na kufia kwenye mkokoteni, hospitali ikiwa bado mbali. Leo nitakwenda." Baba akainamisha kichwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, naye alikuwa mzazi.

Mkutanoni mama alisimama, ameshikilia pindo la kanga, akasimulia habari za mkokoteni ule kwa sauti ndogo. "Ofisi, njooni mkae hata barazani kwangu," akamalizia. "Lakini mimi sikuwa na pa kuzalia." Mikono ikanyooshwa, wa baba ukiwamo. Chumba kikawa cha wazazi.

Niliringa siku chache tu. Mtoto akililia wembe, mpe. Tangu hapo wanawake walijaa uani kwetu, wenye mimba na wenye mashauri, na nikimwita mama aliniambia, "Subiri, mwanangu, nina wageni." Siku moja nikamkuta Zuhura ameegemea mapaja yake, anasukwa nywele. Wivu niliokuwa nao kwa mtu mmoja ukawa wa mtaa mzima.

Leo mama hayupo. Chumba kipo, na wajukuu zangu wamezaliwa humo. Juzi nilikwenda kwenye mkutano wa mtaa kuzungumzia mtaro unaofurika. Tulikuwa wachache mno, mwenyekiti akauahirisha. Nilirudi nyumbani na maneno yangu kifuani, nikimwonea wivu mama: siku aliyosimama yeye, watu walikuwapo wa kumsikiliza.