Kigae cha Moto cha Mayu Kabula

Juzi nililala Buseresere, katika nyumba ya wageni isiyo na dari, na alfajiri moshi wa samadi kavu ukapenya chini ya mlango. Mnaoujua hamhitaji kuelezwa: mchungu, mtamu kidogo, unang'ang'ania kwenye nywele. Nimehama miji mingi, lakini kila ninapoukuta moshi huo hunirudisha kwetu Shinyanga, nikiwa msichana wa miaka minane, kigae mkononi.

Kwetu miti ilikuwa imeisha. Tulipikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, na kwa kuwa kiberiti kilikuwa adimu, kila asubuhi nilitumwa kuomba moto kwa jirani yetu mjane, Mayu Kabula, yaani Mama Kabula. Jiko lake halikuzimika. Aliyapuliza makaa huku machozi yakimtiririka, akinitania, "Mke mwenzangu, leo umeniletea kamasi tu?" Kisha alinitilia michembe kiganjani, nikarudi nyumbani nikitafuna viazi vile vikavu.

Masika yale surua ilimchukua mtoto wa Masanja, jirani yetu mwingine, na wiki haikuisha ikamchukua wa pili. Wanaume wakakutana karibu na kisima. Nilipopita na ndoo, Masanja akaniita.

"Nyamizi, wewe ndiye unayeingia kwa Kabula. Macho yake yakoje?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza jambo mbele ya watu. Nikajiona mkubwa.

"Mekundu," nikasema. "Kama makaa."

"Mmesikia! Macho ya mchawi hayo. Mtoto hadanganyi."

Siku hiyohiyo wakamwaga maji kwenye jiko lake, na Mayu Kabula akatengwa. Kwetu, kutengwa kulikuwa hivi: asipewe moto, asichotewe maji, salamu yake isiitikiwe. Atakayemsaidia, naye ni mchawi.

Siku ya tatu, mvua ikinyesha, alisimama mlangoni petu na kigae. Kilikuwa chetu; nilikisahau kwake. Majirani walikuwa wamejibanza chini ya paa la ng'ambo, wakitazama.

"Mwangaluka," alimsalimu mama. Mama akainamisha uso. "Mama Nyamizi, nipe moto tu. Baridi inaniua."

Makaa yetu yalikuwa yakiwaka, na aliyaona. Nikainuka. Mama akanidaka mkono, kucha zikaniingia, akausukuma mlango kwa mguu.

"Mke mwenzangu," sauti iliita nje. "Mwambie mama yako."

Sikuitika.

Asubuhi kigae kilikuwa kizingitini, kimejaa maji ya mvua. Wachungaji walimkuta Mayu Kabula amekufa kando ya njia ya kwenda Ushetu kwa binti yake, amejikunyata, mikono mbele, kama mtu anayeota moto.

Nilimchukia mama kwa ajili ya mlango ule. Niliupakia mzigo wote juu yake, nikakua nao. Hadi siku moja, nikiwa likizo ya sekondari, nilimkuta akipuliza jiko. Mgeni akabisha hodi. Kabla ya kumkaribisha, mama alijifuta macho haraka kwa pindo la khanga, akainamisha uso, vilevile kama siku ile ya mvua.

Macho yake yalikuwa mekundu kama makaa, kwa moshi uleule. Yalikuwa hivyo miaka yote. Majirani walikuwa hawajajua kuyaangalia, mpaka mimi nilipowafundisha.