Injini Iliyopangwa kwa Saizi

Nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda kwa miaka kumi na minne, na naomba hilo lieleweke mapema, maana makosa yangu yote yanaanzia hapo. Mtu wa stoo si fundi. Fundi anakuja dirishani anataka beringi, mtu wa stoo anamuuliza namba, anaishusha kutoka kwenye shelfu, anamsainisha, basi. Nilijua majina ya vyuma vyote vilivyoingia katika kiwanda kile. Kazi yake ndani ya mashine sikuijua, wala haikunihusu.

Halafu zikaja zile nyakati za ruksa. Maduka ya Morogoro tuliyozoea kuyakuta na viberiti tu yakajaa sabuni za kila rangi na redio za kila namna, mitumba ikamwagwa mpaka kando ya barabara, na kiwanda chetu kikatafutiwa mwenyewe mpya. Mwenyewe mpya alipopatikana, sisi tukapunguzwa. Ndilo neno lililoandikwa kwenye barua: umepunguzwa. Nililisoma mara nyingi. Chumvi hupunguzwa, bei hupunguzwa. Sikujua kwamba mtu mzima mwenye mke na watoto wawili naye hupunguzwa. Nilikasirika, na mimi nikikasirika nanyamaza, tabia ambayo mke wangu anasema ni afadhali ningekuwa napiga kelele.

Barua ilitutaka pia tuhame nyumba za kiwanda. Mke wangu hakuhangaika. Yeye ni Mluguru wa Kinole, na kwao ardhi inapitia upande wa mama. Shamba la ukoo lilikuwepo, na migomba yake, michungwa, mdalasini na pilipili manga. Watoto tukawatanguliza kwa bibi yao. "Masika ikianza tu mimi napanda mlima kwetu," akaniambia. "Ukitaka twende. Hutaki, baki na barua yako."

Kwangu jambo hilo lilikuwa zito. Baba yangu, Mnyamwezi wa Tabora, alikuja kukata mkonge. Nimezaliwa kambini upande wa Kingolwira, kwenye nyumba ya kampuni, na nikaoa nikiwa kwenye nyumba ya kiwanda. Sasa nipande mlima na boksi la nguo kichwani nikalishwe na mama mkwe? Pale kiwandani mwanaume wa namna hiyo tulikuwa tukisema ameolewa, na mimi mwenyewe nilikuwa wa kwanza kucheka. Nikamwambia mke wangu nitakwenda, lakini siingii Kinole kwa miguu kama mtu aliyefukuzwa. Nitaingia juu ya pikipiki.

Pikipiki yenyewe ilikuwa nyuma ya stoo, imezungukwa na majani. Ilikuwa ya Kiingereza, nzito, ya zamani kuliko uhuru, na tarishi mmoja aliwahi kuiendesha kabla sijaajiriwa. Injini ilikuwa imenoki: pistoni imeng'ang'ania ndani ya silinda, ukikanyaga kiki haishuki hata kidogo. Nilikuwa nimeifuta kwenye daftari kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaomba kibali cha kuiondoa, nikapewa bila swali, nikaisukuma mpaka nyumbani.

Mke wangu aliizunguka mara moja. "Hiki kichuma ndicho kitakachokupeleka Kinole?"

"Ndicho."

"Basi tuombe mvua isinyeshe mwaka huu."

Sikuwa nimewahi kufungua hata baiskeli zaidi ya gurudumu. Nilitandika mkeka sebuleni, nikajaza silinda mafuta ya taa, nikaiacha inywe kwa wiki nzima, kisha nikaigonga pistoni kwa gogo taratibu mpaka ikaachia. Nilifurahi mno. Nikafungua kila kinachofunguka, nikasugua kutu, na nikapanga kila kitu kama nilivyofundishwa kazini. Nati za saizi moja kopo moja. Bolti kwa urefu wake. Springi peke yake, gia peke yake, na washa, vile visahani vya chuma vyenye tundu katikati, nikavitunga kwenye uzi kutoka kidogo hadi kikubwa. Kila kopo nikalifunga kikaratasi chenye jina na idadi. Nikamwita mke wangu aje aone.

Alitazama, akasifu kweli kweli. Kisha akachukua nati moja akaishika juu. "Na hii inakwenda wapi?"

Nikaitazama nati, nikalitazama kopo, nikatazama ule mwili wa injini uliobaki na matundu yake zaidi ya thelathini. Nilikuwa nimevipanga vyuma kwa saizi, kila kimoja na wenzake wanaofanana naye, wala sikuandika popote kimetoka wapi. Fundi yeyote wa gereji angevipanga kwa jinsi vilivyokaa, na mimi nilikuwa nimeiharibu pikipiki yangu kwa unadhifu.

Siku tatu sikuugusa mkeka, na mke wangu akaanza kufunga vyombo. Siku ya nne alikuwa anafagia karibu na makopo, akauchukua uzi wa washa, akawa anazigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii imekaliwa," akasema.

"Imekaliwaje?"

"Njoo uone. Ina alama ya kitu cha pembe sita. Mtafute aliyeikalia."

Nikaenda kwa shingo upande, nikaona. Kweli, kwenye uso wa ile washa kulikuwa na mkwaruzo wa nati, na kwenye makopo yote ni nati mbili tu zilizoingia sawasawa ndani ya mkwaruzo ule. Tukaanza hapo. Tukaacha saizi, tukatafuta ujirani: chuma kipi kimekisugua kipi, bolti ipi ina mafuta meusi nusu na kutu nusu, kifuniko kipi kina rangi iliyobaki duara mahali kichwa cha bolti kilipokuwa. Palipokosekana alama ilibidi nijiulize kitu hiki kinafanya kazi gani, swali ambalo sikuwahi kuliuliza kwa miaka kumi na minne. Hivyo ndivyo nilivyojifunza injini. Nilijua kwamba valvu hii inavuta na ile inatoa kwa sababu moja ilikuwa safi na nyingine imeungua.

Pistoni ilikuwa imepasuka ubavuni. Maduka mapya ya spea yalikuwa na pistoni za Kijapani na za Kihindi mpaka juu darini, isipokuwa ya kwangu. Hatimaye mwenye mashine ya kusaga kule Mlali akanipa pistoni ya pampu ya maji iliyokufa, iliyokuwa kubwa kidogo, pamoja na ringi zake. Nikaipeleka pamoja na silinda kwa mchonga vyuma mmoja mjini aliyenijua toka kiwandani, mzee Mluguru wa kofia na msuli, mtani wangu kwa hiyo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mnyamwezi, mzigo huu umeubeba toka Tabora?" Akaipima pistoni, akapima silinda. "Nitaitanua silinda, pistoni iingie. Lakini nguvu yake ya zamani hutaipata. Usije ukaipandisha mlima na mke na mama mkwe na mbuzi."

"Nitapanda na mke tu, mzee."

"Hata huyo mpime kwanza."

Mvua ya kwanza ilinyesha silinda ikiwa bado mezani. Ilianza asubuhi, ikapiga bati kwa muda, na Uluguru yote ikafichwa na wingu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, khanga ya safari mabegani, mizigo yetu imeshatangulia kwa lori. Nilijua ana haki. Nikaendelea kuchoma gasketi ya shaba, ya kuziba juu ya silinda, kwenye jiko la mkaa mpaka iwe nyekundu ili nikiichovya majini ilainike. Kisha akavua khanga, akaketi mkekani.

"Nionyeshe pa kushika," akasema.

Palikuwa pa kushika kweli. Ringi za pistoni zinajitanua. Silinda haishuki mpaka zibanwe zote kwa pamoja, na vidole vyangu ni vinene. Nilikata kipande cha bati la kopo la maziwa, tukakizungusha, naye akazibana kwa vidole vyake vyembamba huku mimi nashusha silinda unywele kwa unywele. Ilikataa mara mbili. Mara ya tatu ikazama kwa mlio laini, naye akabaki na kipande cha bati mkononi na damu kidogo kwenye kidole gumba. Nilimpenda wakati ule kuliko siku ya ndoa, na nilimwambia hivyo hivyo. Akasema nifunge nati kwanza.

Nilipopiga kiki ya kwanza, kiki ilirudi kwa nguvu ikanitandika ugokoni, nikaruka kwa mguu mmoja uwanja mzima. Cheche ilikuwa inawaka mapema mno. Nikairudisha gia ya magneto, mtambo wa cheche, jino moja nyuma, nikapiga tena, na tena, na ghafla ikanguruma. Moshi ulitoka mwingi. Majirani walitoka nje, na mimi nikalia mbele yao, wala sioni haya kuyaandika.

Siku zilizofuata tulijifunza kuiendesha kwenye uwanja wa mpira wa kiwanda, ambao haukuwa tena na wachezaji. Mke wangu alijifunza haraka kuliko mimi. Alisema yeye ndiye atakayeshusha ndizi sokoni, kwa hiyo nisimwangalie hivyo.

Tuliondoka asubuhi, mimi mbele, yeye nyuma na begi mgongoni. Bigwa, Kiroka, Mkuyuni, injini ikaenda vizuri, hata nikawa nawapungia watu nisiowajua. Tukaiacha barabara kubwa, mlima ukaanza. Kwenye mpando wa kwanza mkali ilipungua nguvu ikazimika. Tukarudi nyuma, tukajaribu tena. Mara ya tatu nilisikia harufu ya oili iliyoungua, nikajua nikilazimisha itanoki upya. Mtani alisema kweli: ilikuwa na uwezo wa mtu mmoja.

"Panda wewe," mke wangu akasema, ameshashuka. "Mimi njia hii nimeitembea tangu utoto."

Nilishika usukani, nikatazama juu. Kilichobaki ni kumwacha kwenye tope na kuingia kwao kama nilivyoapa. Nilifikiria jinsi nitakavyoonekana, halafu nikafikiria jinsi yeye atakavyoonekana, akitokea nyuma yangu kwa miguu kwenye uwanja wa mama yake.

"Wewe ni mwepesi," nikamwambia. "Chukua."

Hakubishana. Akafunga khanga vizuri juu ya suruali yangu ya zamani aliyoivaa, akapiga kiki, akaondoka. Mimi nikabeba begi kichwani, nikafuata mlio. Ulikuwa ukipotea kwenye kona na kurudi ng'ambo ya bonde, na kila ulipobadilika nilijua ametoa gia gani akaingiza ipi. Haukukwama. Mwishoni ulikatika moja kwa moja, nikasimama kusikiliza, kisha nikasikia watoto wangu wakishangilia huko juu.

Nilifika nimelowa, tope mpaka magotini. Watoto na nusu ya kijiji walikuwa wameizunguka pikipiki na mke wangu juu yake, hakuna aliyeniona. Aliyeniona ni mama mkwe, amesimama peke yake kando ya jiko. Kwa heshima ya ukwe hatukuwa tumewahi kusemeshana ana kwa ana. Kila mara maneno yetu yalipitia kwa mtu. Sasa mtu hakuwepo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alitazama miguu yangu, akatazama begi. "Umekuja kutusalimia, au umekuja kukaa?"

"Nimekuja kukaa, mama," nikasema, na nilikuwa na miaka arobaini na mbili, na sikuwa nimewahi kusema mahali popote kwamba nimekuja kukaa.