Mzigo Uliomchelewesha Mama Mkubwa

Kila nimwonapo kijana stendi ya Malindi akikokota begi kubwa kama kabati, kumbe anakwenda Kakuyuni kulala siku mbili, naikumbuka siku tuliyokwama Kilifi, na hasira hunipanda upya. Mwanangu, kabla hujafunga begi lako la safari, kaa nikwambie. Mkiambiwa mpunguze mzigo mnadhani mzee anazionea wivu nguo zenu.

Ilikuwa miaka ya themanini, daraja la Kilifi halijajengwa. Ukitoka Malindi kwenda kusini, basi lilishuka mteremko mpaka kwenye maji, likangoja feri ilivushe hadi Mnarani. Mimi nilikuwa kijana niliyeacha shule mapema, sina kazi ya kudumu, nataka tu kujua kila njia inaishia wapi. Aliyehitaji msindikizaji alijua pa kunipata.

Basi ikaja habari kutoka Takaungu kwamba siku za dada yangu Fatuma zimefika. Fatuma ni binti wa mama mkubwa Zuhura, dada yake mama yangu. Kwetu mimba ya kwanza mwanamke huenda kuzaa kwa mama yake, lakini Fatuma miguu ilikuwa imemvimba, safari haiwezi. Hofu ilimshika, akatuma neno moja tu: mama aje upesi. Mama mkubwa akasema, "Ikiwa mtoto hawezi kuja nyumbani, nyumba itakwenda kwa mtoto."

Nilidhani anasema tu. Alfajiri nilipofika kwake nikakuta nyumba kweli imetoka nje: kinu na mchi wake, sufuria la kupikia karamu, mbuzi ya kukunia nazi, beseni, chetezo cha kufukizia ubani, mikeka, gunia la makaa, mchele, na kuku wa supu ya mzazi, miguu imefungwa. Nikamuuliza kama Takaungu hakuna kinu. Akanijibu kuwa akiba haiozi, na kwamba mwanawe hatatwangiwa viungo katika kinu cha watu. Kufunga yote yale juu ya basi kulinitoa jasho kabla jua halijachomoza. Yeye alisimama chini akinielekeza, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Kufika Kilifi, feri moja mbovu. Magari yamepanga foleni kutoka majini hadi juu ya mteremko. Kondakta akatangaza kuwa anayeweza kutembea ashuke, avuke kwa miguu, ng'ambo kuna magari. Mwenye mzigo juu ya basi asubiri zamu ya basi. Abiria wakashuka, huyu na kikapu, yule na bahasha yake kwapani, wakavuka na feri ya kwanza. Tuliwaona wakiingia garini Mnarani, hao, wakaenda zao.

Nikamwambia, "Mama mkubwa, chukua mkoba wako uvuke. Mimi nitakaa na vyombo, nitakuletea."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Wewe? Shule ilikuwa na mwalimu mlangoni ukaikimbia, seuze mzigo usio na mlinzi."

"Fatuma anakungoja."

"Fatuma ni mtoto wangu, namjua. Wanawake wa ukoo wetu hawazai haraka."

Nikasihi, nikanuna, nikasihi tena. Feri ikaenda ikarudi, ikaenda ikarudi, nasi tumekaa kivulini mwa basi tukilinda makaa. Kuku mmoja akafa kwa joto. Hata hapo hakukubali kuvuka. Mshika mbili moja humponyoka, na mimi niliiona ile moja ikimponyoka mbele ya macho yangu, sina la kufanya.

Tulivuka alasiri imekwisha. Basi likatushusha njia panda ya Takaungu, likatuachia vumbi. Hakuna gari. Nikawa nabeba kinu, nakitua mbele, narudi kuchukua sufuria, narudi tena kuchukua gunia, na mama mkubwa ananipigia kelele nisiburuze mikeka. Mikono mitupu, njia ile ningeitembea huku nikiimba. Siku hiyo niliitembea mara tatu.

Mlangoni alitupokea Bi Khadija, mama wa mume wa Fatuma. Tulipomwamkia aliitikia taratibu, akatuambia mtoto ameshazaliwa, wa kiume, tangu adhuhuri, wazima wote wawili, ila Fatuma alimwita mama yake hadi sauti ikamkauka, na mkono aliokuwa ameushika ulikuwa wa jirani. Kisha akautazama mzigo uliorundikana barazani.

"Bi Zuhura, hivi vyote tunavyo," akasema. "Tuliyekuwa hatunaye ni wewe."

Mama mkubwa alikaa juu ya kinu, jambo ambalo nyumbani kwake mtoto angechapwa kwa kulifanya. Alipoingia ndani, Fatuma alimpa mtoto ampakate, lakini uso wake aliugeuza ukutani. Baadaye walipatana, ni mama na mwana. Lakini saa ile haikurudi.

Tangu hapo nimezunguka sana, Kaloleni, Lamu, hata bara, na mfuko wangu haujawahi kunishinda. Shati moja mwilini na moja mfukoni, lifue jioni, upepo wetu utalikausha kabla hujaamka. Nguo zikunje kwa kuzivingirisha. Kikoi ni taulo, ni shuka, ni mto. Dawa unayoimeza usiiache. Ukimaliza kufunga, jitwike mwenyewe uzunguke nyumba, na kitakachokufanya ugune kirudishe ndani. Wakija jamaa na vifurushi vyao vya "nifikishie kwa fulani", pokea salamu, vifurushi viombee radhi.

Na kabla ya yote jiulize unamwendea nani, na anakuhitajia nini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema njoo na kinu. Ukienda kwa watu, waachie nafasi ya kukuazima chombo, hiyo nayo ni heshima kwao.

Haya, nimesema nimechoka, na najua begi utalijaza tu. Hata hivyo nakuombea: Mola akulainishie njia, akupe mabega mepesi na wenyeji wema, na akufikishe wakati bado unangojwa.