Kadi ya Ng'ombe Kwenye Dirisha la Visa

Kazi yangu ni makaratasi. Nina duka dogo mjini Nyeri, juu ya duka la mbegu, lenye kompyuta tatu, mashine ya fotokopi na kiti kimoja cha plastiki cha mteja. Mtu akitaka pasipoti, cheti cha tabia njema au visa, huja kwangu. Nimewajazia fomu walimu, wauguzi, na mchungaji mmoja aliyekuwa na haraka ambayo mpaka leo sijaielewa. Wote walisafiri. Kwa hivyo mama yangu aliposema anataka kwenda Ulaya, sikuona shida iko wapi. Nilivimba kichwa mapema, na ninalisema mwenyewe kabla hamjanisemea.

Mama analima kahawa kule Tetu. Amechuma kahawa tangu aolewe na kuibeba mgongoni mpaka kiwandani, lakini kuinywa hainywi, kwa sababu yeye ni mtu wa chai ya maziwa. Jambo moja tu lilikuwa likimsumbua miaka hiyo yote: ni nani hasa anayeinywa?

"Nataka tu kuwaona," aliniambia. "Nijue kama wanamaliza kikombe ama wanamwaga."

Alikuwa na miaka sabini na miwili, na baba alikuwa ameshatutoka. Nikaona nikingoja sana nitakuja kujilaumu. Nikaamua tuende wawili, wiki mbili, kama watalii, kwenye nchi moja ambayo siitaji kwa sababu bado nina kinyongo nayo.

Fomu ya visa si kitu. Kibarua ni kuwaonyesha wenye nchi kwamba utarudi kwenu, na hawataki maneno, wanataka karatasi. Mimi nilikuwa nazo: taarifa ya benki, leseni ya biashara, mkataba wa duka, mkataba wa nyumba, bima ya safari, zote safi ndani ya faili linalong'aa. Mama alileta mfuko wa Biblia, ule wa zipu.

Niliumwaga mezani. Kulikuwa na cheti cha ndoa na risiti za kahawa zilizofifia. Kulikuwa na nakala ya hati ya shamba yenye jina la babu, ambaye amezikwa kwenye shamba hilohilo tangu nikiwa darasa la tatu. Kesi ya urithi bado iko kortini kwa sababu ndugu za baba hawawezi kukubaliana mpaka wa shamba upite upande gani wa mparachichi. Kulikuwa na barua ya chifu iliyosema anamjua mama vizuri na kwamba hajawahi kutoroka mahali popote. Chini kabisa palikuwa na kadi ya manjano iliyokunjwa mara nne, inayonuka moshi.

"Mami, hii ni nini?"

"Kadi ya ng'ombe."

Kila mwenye ng'ombe kwetu anayo. Daktari wa mifugo akija kumpandisha ng'ombe, huandika humo aina ya fahali, siku aliyompandisha, siku anayotarajiwa kuzaa, na jina la mwenyewe. Mama huichomeka yake kwenye paa la jikoni, juu ya meko, na huitunza kuliko cheti changu cha kuzaliwa, ambacho alikipoteza.

"Hii haiendi," nikasema.

"Si umesema wanataka kujua kama nitarudi? Hii ng'ombe itazaa wiki moja baada ya sisi kurudi. Nitakosaje kurudi?"

"Mami, watatucheka. Ile ni ofisi ya visa."

"Sawa, maitu."

Huniita hivyo, yaani mama yangu, kwa kuwa mimi ni binti wake wa pili na desturi yetu ilinipa jina la mama yake. Akiniita hivyo kwa upole, ujue hajakubali. Hilo nililijua, lakini siku hiyo nilijisahau. Nikaiweka kadi juu ya kabati, nikampangia karatasi zilizobaki kwenye faili linalong'aa kama langu.

Siku ya mahojiano Nairobi, mama alitangulia dirishani na mimi nikasimama nyuma yake. Aliyekaa ndani alikuwa mama wa kizungu wa makamo, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko changu. Cha mama yangu tukiache kando.

"Shamba hili lina jina la nani?"

"Ya baba ya bwana yangu. Alikufa."

"Na mume wako?"

"Yeye pia alikufa. Lakini shamba iko."

"Umeajiriwa mahali?"

"Niko na kahawa."

Yule mama akaweka kalamu chini. "Sasa, ni kitu gani kitakachokurudisha Kenya?"

Nilikuwa nimemfundisha jibu la kusema, lakini hakulisema. Aliacha faili langu palepale, akafungua zipu ya Biblia, na kutoka katikati ya Zaburi akatoa kadi ya manjano niliyodhani bado iko juu ya kabati. Nilitamani sakafu inimeze. Yule mama aliikunjua akaisoma yote, kisha akaileta puani akainusa.

"Atazaa tarehe hii?"

"Anaweza ongeza siku mbili tatu."

"Nani atakuwa naye akizaa?"

"Ni mimi. Akishikwa na mtu mwingine anapiga teke."

Yule mama alitabasamu, akaikunja kadi vilevile mara nne akamrudishia.

Zamu yangu ikafika. Alipekua karatasi zangu, na kweli zilikuwa safi. Mume? Sina. Watoto? Sina. Nyumba? Ya kukodi. Duka? La kukodi pia.

"Ng'ombe?" aliuliza, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania.

"Sina."

Pasipoti zilirudi baada ya wiki mbili. Ya mama ilikuwa na visa. Yangu ilikuwa na barua iliyosema sijaonyesha sababu ya kutosha ya kurudi nyumbani. Niliisoma mara tatu dukani, mteja akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Mganga hajigangi, hilo ningelicheka. Lakini niliumia, na si kwa ajili ya safari. Nilipekua faili langu nikaona kila karatasi niliyokuwa nayo ina tarehe ya kuisha.

Nilitaka tuahirishe. Mama akakataa. Muuguzi mmoja niliyewahi kumjazia fomu anaishi huko, akakubali kumpokea na kukaa naye.

"Ni vizuri," mama akasema akifunga sanduku. "Sasa ng'ombe ako na mtu."

Ndivyo nilivyofunga duka langu kwa siku kumi na nne nikaenda Tetu. Siku ya kwanza ng'ombe alinipiga teke. Siku ya pili nikavaa koti la mama na kitambaa chake cha kichwa, akaninusa, akanivumilia. Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, alilala chini akaanza kusukuma, na hesabu ya kadi ilikuwa bado. Nikampigia mama kwa video.

Uso wake ulitokea, na nyuma yake meza nyingi na watu wenye vikombe.

"Nionyeshe miguu," akasema. "Hiyo ni ya mbele, ni sawa. Usivute kabla hajasukuma. Ngoja. Ngoja, maitu. Sasa."

Nilivuta. Ndama akateleza akaniangukia mapajani, jike, amelowa na mzima. Nililia, sikuona haya. Simu ilikuwa imeegemezwa kwenye ndoo, na mama alikuwa bado humo.

"Mami," nikamuuliza, "wanamaliza kikombe?"

Akageuka akawatazama. "Wengi wanamaliza. Huyu mzee wa hapa ameacha yake ipoe, anaangalia ng'ombe."

Alirudi siku iliyoandikwa kwenye tiketi. Wiki iliyofuata daktari alikuja kumwona ndama, akatoa kadi mpya ya manjano, akauliza aandike mwenyewe ni nani. Nilikuwa nimeshika ndoo, sikuwa nasikiliza sana.

"Andika huyu," mama akasema, akinionyesha kwa kidevu.

Daktari akaandika jina langu lote, yaani jina la nyanya yangu. Niliipokea kadi, nikasema nitaipeleka dukani niipige leminesheni isije ikaharibika.

"Wacha," mama akasema, akaichukua na kuichomeka kwenye paa, juu ya meko. "Kwanza ishike moshi."